Hodhi Limetoka, Mfereji Umebaki

Jumapili, baada ya alasiri. Mawingu yamekaa upande wa Maganzo tangu asubuhi, hayaji wala hayaondoki, na joto linakera. Nilipanga leo niandike kwa furaha kwa sababu bafu limekwisha. Limekwisha kweli. Na mimi nimekaa kwenye baraza ya nyuma na kalamu yangu, macho yamevimba, namshukuru Mungu kwamba leo si siku ya shule na watoto wa darasa la tatu hawanioni.

Nianze na hodhi.

Nyumba hii ilijengwa na Mhindi mmoja wa kinu cha pamba. Baba alipoinunua, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, alikuta bafuni hodhi la kuogea la chuma, jeupe, lenye ukingo unaopita magoti. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa Pangani aliyekuja bara na mkewe kutafuta riziki, na hodhi lile lilimpa kiburi. Siku tuliyohamia alilijaza maji ya ndoo, akaingia na kofia yake kichwani. Mama akachungulia, akamwambia anafanana na mhogo uliorowekwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala tena humo. Maji ya Shinyanga si ya kulalia.

Tukawa tunalitumia kwa namna yetu. Unavuka ukingo, unasimama ndani, unaoga kwa ndoo na kopo, na maji yanatokea kwenye tundu la chini. Sakafu ya bafu yenyewe haikuwa na pa kutolea maji. Asiyeweza kuvuka ukingo, haogi.

Mama aliuvuka miaka yote, hata baba alipofariki, hata mimi nilipoachika nikarudi kukaa naye. Baada ya Idi iliyopita akateleza wakati wa kutoka, akaangukia nyonga. Hospitali walisema mfupa haukuvunjika. Lakini mguu wa kushoto haunyanyuki tena zaidi ya shubiri.

Nikasema nitamwogesha mimi. Nilijidanganya.

Mama yangu ni mwosha. Wanawake wa Kiislamu wa mji huu, akifa mmoja wao, anaitwa mama aje aoshe maiti. Amefanya kazi hiyo tangu mimi ni mdogo. Waliwahi kuja kumchukua kwa lori kutoka Buseresere, na akapanda mbele kwa dereva na kikapu chake cha karafuu maiti na pamba. Anajua mikono ya watu kuliko anavyojua sura zao. Siku ya kwanza nilipomshika bega na kumwinulia kopo, aliondoa mkono wangu taratibu, akanifunza adabu bila kupandisha sauti.

"Anayeogeshwa ni mtoto mchanga na maiti," akasema. "Mimi ni yupi?"

Nikaliweka kopo chini, nikatoka.

Akawa anajipangusa kwa kitambaa chumbani kwake, mlango umefungwa. Mama, ambaye kanga zake zote zinanukia udi, akaanza kunuka kidogo. Hili naliandika hapa kwa sababu sitalisema mahali pengine popote. Alijua kwamba najua. Wageni wakija alikaa mbali nao, karibu na dirisha.

Kwa hiyo nikaamua hodhi litoke. Kaka yangu Juma, anayechimba dhahabu Nyarugusu, alituletea kipande cha bomba alichokifungua kwenye mashine chakavu ya kusagia mawe. Saruji niliihangaikia kama wote tunavyohangaikia kila kitu siku hizi, kuanzia sukari hadi sabuni. Fundi nikampata Luhende, Msukuma mcheshi wa huku nyuma ya mnada. Akanichorea kwa kijiti chini: hodhi linang'olewa, sakafu inakuwa sawa na ukumbi ili mtu aingie kwa kutembea tu, inainamishwa kidogo, na chini yake unapita mfereji wa kupeleka maji nje. Pipa la maji litakaa juu ya jukwaa nyuma ya ukuta. Bomba la Juma litapita ukutani, na mwisho wake tutafunga kopo la maziwa lililotobolewa matundu. Bomba la mvua, kama la hotelini. Pembeni atajenga kikalio cha matofali.

"Bibi ataingia kama anaenda sebuleni," Luhende akasema.

Nililipenda neno lile. Nililirudia moyoni njia nzima ya kwenda shule.

Mama sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba tunatengeneza bafu. Nilitaka iwe zawadi, na mimi nikishika jambo ni mbishi, sishauriki. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku ubaoni.

Hodhi lilitoka Jumatano ya wiki juzi, likibebwa na wanaume waliokuwa wanacheka na kutukanana kwa Kisukuma. Luhende aliliomba kwa ajili ya ng'ombe wake, nikamwachia. Alhamisi akavunja sakafu pale lilipokuwa limekaa, akachimba mfereji wake kutoka chini ya dirisha hadi ukuta wa nje. Ijumaa hakuja, alikuwa analisafirisha hodhi kwa mkokoteni. Nami nikaenda kufundisha. Mfereji ulibaki wazi.

Niliporudi nilimkuta mama kitandani, amelala ubavu akielekea kibla, amevaa gauni safi. Jirani yetu Mama Rukia alikuwa anatoka chumbani na doti mpya za kanga mkononi, kanga za mama, na analia.

"Ameniomba radhi," akaniambia. "Kuna nini humu ndani, jirani yangu?"

Sikujua. Nikamshika mama paji la uso, halikuwa na joto. Nikamuuliza anaumwa wapi, akasema haumwi. Uji hakunywa. Akanituma nifungue sanduku lake nihakikishe kama nondo hawajala kitu. Nikafungua. Sanda ilikuwepo, nyeupe, imekunjwa. Ubani ulikuwepo. Na katikati ya sanda kulikuwa na kipande kizima cha sabuni ya kunukia, ndani ya karatasi yake. Sisi tunaosafisha vyombo kwa majivu! Sisi tuliofulia majani ya mpapai! Nikakasirika kidogo, nakiri, kisha nikafunika sanduku.

Nikadhani ni uzee. Nikadhani ni nyonga. Nilidhani kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nimekichimba mimi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Luhende alikuja na koleo lake. Alipoanza kuchanganya saruji, mama akapaza sauti kutoka chumbani, sauti kavu ya mtu anayesimamia kazi yake.

"Mwambie asiufukie bado. Atachimba mara mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwetu, yaani kwa watu wa pwani kama wazazi wangu, mtu akifa huoshewa ndani ya nyumba, na kabla ya kuoshwa huchimbwa mfereji sakafuni wa kupokea maji yake. Unaitwa ufuo. Baba alipofariki walibomoa saruji ya chumba chao, wakachimba ufuo chini ya kitanda, urefu wa mtu. Baadaye wakauziba. Kiraka kipo hadi leo, rangi yake haikukubaliana na sakafu nyingine, na mama ameweka kitanda chake juu yake miaka yote hii. Yeye ambaye amesimama juu ya ufuo wa watu wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka alijikongoja kwa fimbo siku ya Ijumaa ili aone bafu lake. Akaona mfereji, urefu wa mtu, nyumba kimya, mwanawe hayupo.

Hakupiga kelele wala hakumwuliza mtu. Alirudi kitandani akajiandaa, kwa adabu, asitucheleweshe.

Hilo ndilo linaloniua. Kwamba aliamini, na akakubali.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote, hodhi, bomba la Juma, kikalio, kopo la maziwa. Alinisikiliza akinitazama mdomo.

"Kwa hiyo si wangu?"

"Si wako, mama. Ni wa maji ya kuogea. Uoge mwenyewe."

Luhende naye alikuja hadi mlangoni, kofia mkononi, saruji imemkaukia vidoleni. "Mayu, nisamehe sana," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma chao. "Mimi nimechimba njia ya maji tu. Sikujua kama kwenu ina maana ingine."

Mama akamwambia hana kosa, mfereji wake umenyooka vizuri. Kisha akageukia ukuta. Nilingoja acheke, maana ni mtu wa kucheka, aliyemwita mumewe mhogo. Hakucheka. Nadhani mtu akishaaga, kurudi ni kazi. Kanga za Mama Rukia nilitaka kuzidai, akanikataza.

Wiki nzima saruji imekauka na mama amekula kidogo kidogo, kwa kuniridhisha.

Leo asubuhi nikamwambia bafu liko tayari. Nilichemsha maji, nikajaza pipa, nikamshika mkono. Ukumbini alitembea vizuri. Tulipofika bafuni alisimama, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akainua mguu wa kushoto ili avuke ukingo.

Ukingo haupo.

Mguu ulinyanyuka ile shubiri yake, ukatetemeka hewani, na mama akanishika bega kwa hofu, kwa sababu mwili wake ulikuwa unapanda kitu ambacho hakikuwepo. "Tembea tu, mama," nikamwambia. "Ni sawasawa." Akashusha mguu. Akatembea. Akakaa kwenye kikalio cha matofali, akatazama juu kwenye kopo la maziwa, akatazama chini pale mfereji ulipofunikwa. Rangi ya saruji mpya inaonekana kabisa.

Nikatoka nje, nikafunga mlango kama nilivyoahidi. Hiki ndicho nilichokitaka: mama ndani, mimi nje, mlango umefungwa, heshima yake imerudi. Nikasimama nikisubiri kusikia maji.

Sikusikia maji.

"Ingia," akasema.

Niliingia. Alikuwa amejifunga kanga moja, na mkononi ana ile sabuni ya sandukuni. Sijui aliitoa saa ngapi. Alikuwa ameikata katikati kwa uzi, nusu ameifunga tena katika karatasi yake.

"Nimewaza wiki nzima," akasema. "Wenzangu wa kazi hii wamekwisha. Wawili niliwaosha mwenyewe. Mwosha huoshwa, mwanangu, lakini mimi wa kuniosha simwoni. Sitaki mkono nisioujua."

"Mama, hili bafu nimelijenga uoge mwenyewe."

"Najua. Ahsante. Kesho nitaoga mwenyewe. Leo nifunze."

Basi akanifunza. Kanga isitoke kitovuni hadi magotini, mkono upite chini yake. Maji yawe ya uvuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko. Tumbo ulipitishie kiganja tu, usilikandamize, yule hawezi kukwambia inauma. Anza upande wa kuume. Nilipoanza kushoto kwa kusahau alinipiga kofi dogo la mkono, kama nilipokuwa mdogo nikishika chakula vibaya. Nywele nimfumue taratibu. Maji usoni nisimwage, nipanguse. Na nisilie, akasema, machozi ya mwosha yasimdondokee maiti.

Nililia. Chozi lilimdondokea begani. Akasema haya, lioshe hilo pia.

Ngozi yake ni laini sana siku hizi. Nilikuta makovu nisiyoyajua. Maji yalishuka miguuni pake, yakateleza kwenye mwinamo wa Luhende, yakaingia kwenye mfereji, na nikayasikia yakitoka nje kwenye majani. Fundi alifanya kazi nzuri. Bafu zima lilinukia waridi. Nilikuwa nimesahau harufu ya sabuni nzuri.

Nilipomaliza alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja.

"Mkono wako mzito," akasema. "Lakini nimeujua."

Sasa amelala. Amekula wali, sahani nzima, na kabla ya kulala alinicheka kwa jinsi nilivyoinama kama ninayepalilia pamba. Amecheka mama yangu! Ni mimi niliyebaki hapa nje siwezi kucheka, natazama mahali maji yake yalipotokea, majani bado yamelowa.

Nilitaka kumrudishia uhai wa kuoga peke yake. Yeye amelipokea bafu langu akalipa kazi nyingine. Najiuliza kama ndivyo alivyojua tangu alipouona ule mfereji, na mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

Asubuhi nitachemsha maji mapema. Akitaka kuoga mwenyewe nitakaa nje ya mlango. Akiniita nitaingia.

Ile nusu ya sabuni nimeirudisha sandukuni, katikati ya sanda, kama alivyoagiza. Ee Mola, ikae humo. Ikae hadi iishe harufu, ikauke, ipasuke, isifae tena kwa kitu chochote.