Ikola Tumemsahau Walii

Kaka Idi,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa kondakta kadi hii akuletee dukani Kashaulili.

Mimi na Masanja tulikuja Ikola tufunge ndoa kimyakimya, mchangani pembeni ya ziwa. Tulijipanga: mkeka wa kuazima, kanga mpya, migebuka ya kukaanga, wavuvi wawili wawe mashahidi. Shehe akakaa, akaniuliza, "Binti, walii wako wa kukuozesha nani?" Tulikumbuka mpaka ndimu, walii tukamsahau. Masanja akasema, "Shehe, si tumependana wenyewe?" Mvuvi mmoja akacheka: "Shemeji, hapa hununui ndama!" Samaki wakaliwa, ndoa haikufungwa.

Baba angekuwa hai nisingekuomba uwe walii wangu. Ulisema humpi mchunga ng'ombe mdogo wako, ingawa kasilimu, ingawa mwanangu anamwita baba. Iliniuma, kaka, na bado inauma.

Shehe kasema hata karatasi yenye sahihi yako inatosha. Mtoto, yule mwenye jina la baba yetu, ameanza kusimama. Mungu akulinde na akulainishe moyo. Ule mkeka, mwenyewe kaniambia nikae nao mpaka Ijumaa.

Mdogo wako,
Mwajuma