Tuzo ya Tekla na Uji wa Verediana

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
14 Julai 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Maretadu, na mahindi je? Mimi mzima. Huku wanasema ni msimu wa baridi, lakini mimi natoka jasho tu.

Nina habari njema. Ule utafiti wangu wa saikolojia, wa jinsi waliofiwa wanavyojisikia wakitengwa, umechaguliwa! Tarehe 22 Septemba kuna mkutano wa wanafunzi wa vyuo, na utafiti bora utapewa tuzo. Ni lazima nisimame mwenyewe niueleze; nisipokuwepo nimejitoa. Mwalimu wangu anasema yaliyomgusa zaidi ni maneno ya jirani yetu Verediana, jinsi watu wanavyomkwepa tangu amzike mtoto wake. Mama, nina furaha hadi chakula hakipiti.

Mwanao, Tekla

Maretadu
3 Agosti 1984

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Nimefurahi sana, nikaisoma barua yako mara mbili. Sisi hatujambo, ila mbuzi mwekundu amekufa.

Sasa nikuambie jambo, usilie. Mwezi wa sita, ulipokaa kwa Verediana ukiandika maneno yake, ulikunywa uji wake. Jirani yetu Alfredi alikuona akipita na ng'ombe. Kisha ukarudi ukalala kwangu. Wewe si mgeni hapa. Unajua aliyefiwa na mtoto hatuli naye mpaka asafishwe, na anayekula naye hutengwa pamoja na nyumba anayolala. Ulidhani kalamu ni hirizi?

Basi na nyumba yetu imetengwa. Kisimani wananipisha kama nimebeba mzinga wa nyuki. Hata kaka yako Patriki, akija na lori la shamba la ngano kutoka Hanang, huchukua barua penye ua na kuondoka. Wazee wamekubali kutusafisha, lakini uwepo mwenyewe uliyekunywa. Wamepanga wiki ileile ya mkutano wako.

Mama yako

Dar es Salaam
21 Agosti 1984

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako nimeisomea bafuni ili wenzangu wasinione. Verediana alinipa ule uji kwa mikono miwili, nikashindwa kuukataa. Nilijua. Nilidhani watasema huyu ni msomi, mwacheni.

Tuzo itanifaa nini kama wewe huna hata wa kuongea naye? Nakuja. Nafasi yangu nitamwachia mwenzangu Hermani.

Mwanao, Tekla

Maretadu
5 Septemba 1984

Mwanangu,

Marahaba. Baki hukohuko! Mambo yamekwisha. Wazee wamenihurumia, wamenisafisha bila wewe. Kuchinja kondoo mmoja kumetosha. Jana wanawake walijaa shambani kunisaidia kuvuna, kelele zao hadi kichwa kikaniuma. Nenda ukasimame vizuri, na usiseme mbiombio kama kawaida yako.

Mama yako

Dar es Salaam
24 Septemba 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeshinda! Nimepewa cheti na kitabu kinene cha saikolojia. Nilisema polepole ulivyoniagiza.

Mwishoni mtu mmoja aliuliza kama aliyetengwa huwa anapona akirudishwa kwa watu. Nikasimulia habari zako, jinsi wanawake walivyojaa shambani. Nikasema mama yangu amepona. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nadhani ndipo nilipowashinda wengine.

Mwanao, Tekla

Maretadu
12 Oktoba 1984

Mwanangu Tekla,

Marahaba, na hongera sana. Tumelia kwa furaha, mimi na Verediana, nyumbani kwake.

Sasa usikasirike. Hawakunisafisha. Bila wewe walikataa katakata. Nilikudanganya kwa sababu ungepanda basi, na mimi sikukusomesha ili uache kitu kikubwa mlangoni kwa ajili yangu. Mahindi tulivuna wawili tu, mimi na yeye, maana waliotengwa hawaogopani. Tumechelewa, mengine yameliwa na panya. Kanisani nakaa benchi peke yangu. Kama unataka kuandika najisikiaje, andika: vibaya. Na wale wa mkutano uwaambie ukweli, kwamba mama yako bado hajapona.

Wazee wanakungoja, wamesema hata mwezi ujao sawa. Ukishuka kwenye basi usipite kwa mtu, njoo moja kwa moja nyumbani. Ukifika usiingie tu, hata kama ni kwenu. Piga hodi, tena kwa nguvu. Tangu mwezi wa sita sijamwambia mtu "karibu".

Mama yako