Nusu ya Saada

Mzumbe, 4 Agosti 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na baridi ya Mgeta haijakuzidi. Mimi ni mzima, ila moyo si mzima sana.

Dokta Luqmani, mwalimu anayesimamia utafiti wangu, amenirudishia kazi. Alizipitia fomu zote za ridhaa mlizonisainia kule juu, halafu akavua miwani. "Paskalia, hakuna hata mmoja aliyekataa? Hata aliyeuliza swali?" Nikajibu kwa fahari kwamba wote walikubali. Akasema, "Hiyo si ridhaa, binti. Hiyo ni adabu." Nilitoka ofisini kwake nataka kulia.

Sasa natakiwa kuwauliza upya, na safari hii kila mtu ajue kwamba akikataa sitanuna. Naanza na wewe, kwa sababu sura ya kazi yangu ninayoitegemea kuliko zote ni yako: wewe na rafiki yako Bibi Saada mlipowekwa ndani mkiwa wanawali, na wimbo mlioutunga wenyewe humo gizani. Ulinisimulia tukimenya njegere. Nakuomba uniambie kweli, Bibi: siku ile ulikuwa unamsimulia mjukuu au mtafiti? Kazi inatakiwa mwisho wa Novemba, na bila sura hiyo sijui nitapeleka nini.

Mjukuu wako,
Paskalia

Mgeta, 19 Agosti 2024

Mke mwenzangu Paskalia,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Jastin wa Fuso ya kabichi, imekunjwa kama sambusa lakini inasomeka. Goti lipo, linanitabiria mvua kuliko redio. Mume wetu, marehemu babu yako, nimempalilia kaburi. Anakusalimia, anauliza lini utakuja kumpikia, maana mimi nimechoka kumtunza peke yangu.

Huyo mwalimu wako nimempenda. Wewe ulipita nyumba kwa nyumba na sukari mkononi, umevaa kitenge cha marehemu mama yako, halafu unauliza, "Mnakubali?" Nani angekuambia hapana? Mama Wilfred alitia sahihi akidhani ni karatasi ya mbegu za karoti. Tulicheka sana ulipoondoka.

Siku ya njegere nilikuwa namsimulia mjukuu. Mtafiti sikumwona, labda alikuwa amekaa nyuma yako.

Kwenye fomu unasema jina langu utalificha, utaniita Bibi M. Mjukuu wangu, huku mlimani nani mwingine aliwekwa ndani pamoja na binti wa muuza chumvi? Uniite Bibi M, uniite Bibi Z, hata mbuzi watajua ni Felista. Lakini si hilo linalonizuia. Hadithi ile nusu yake ni ya Saada. Nikikupa ruhusa peke yangu nitakuwa nimeuza shamba la watu wawili.

Tangu uniandikie simtoi kichwani. Tulilala blanketi moja. Ukungu uliingia kwa chini ya mlango, nasi tulikatazwa kucheka, kwa hiyo kila kitu kilichekesha. Kungwi akikohoa tu, basi, tunaumana mabega ili sauti isitoke. Alipoolewa akashuka mjini, nilimsubiri aje yeye kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka. Hakuja. Mwaka ukaenda, na mwingine, nikaona aibu kuwa wa kwanza. Nasikia anakaa Mazimbu kwa bintiye. Nimemkumbuka mpaka najionea huruma, mzee mzima.

Mtafute umuulize.

Bibi yako,
Felista

Mzumbe, 15 Septemba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti na za mume wetu? Mwambie awe na subira, mke mdogo anasoma.

Nimempata! Anakaa kwa bintiye Mwanvita, upande wa pili wa chuo cha Mazimbu. Nilikwenda bila sukari, bila kitenge. Nikamsomea karatasi yote polepole, nikamwambia anaweza kukataa, anaweza kukubali leo na kubadili mawazo kesho, na halazimiki kutoa sababu. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Felista bado anacheka ameziba mdomo?" Nikamwambia bado. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wenu, kwa sauti ya chini, akaishia hapo. "Unaofuata ni wake," akasema.

Kuhusu ruhusa, aliniuliza tu kama Felista ana miguu. Nikasema anayo, ila goti moja linamsumbua. "Na mimi langu linanisumbua. Nilimsubiri ashuke, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni mjini. Hakushuka." Akasema jibu la karatasi yangu atalitoa mbele yako, si kwingine.

Jastin yuko tayari kumpandisha, amkalishe mbele kwa heshima, na fomu mpya za watu wote nimempa azilete. Mstari ule sijauandika popote, Bibi. Ninao kichwani, unaniwasha, lakini sijauandika. Mkikubali nitafurahi kupita kiasi. Sitaki kukudanganya kwamba ni mamoja kwangu.

Mjukuu wako,
Paskalia

Mzumbe, 20 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Jastin anasema alimshusha Bibi Saada mlangoni kwako wiki iliyopita, na kwamba mlisimama mnatazamana mpaka akaona vibaya, akageuza gari. Mmegombana? Dokta Luqmani ameniuliza tena. Alisema siku moja kwamba mmoja atakayenikatalia ndiye atakayemwonyesha kuwa wengine walikuwa huru. Nilicheka, lakini moyoni niliomba asiwe wewe.

Nijibu hata mstari mmoja.

Paskalia wako

Mgeta, 10 Novemba 2024

Mke mwenzetu,

Marahaba, tena mara mbili, maana tunaokujibu ni wawili. Hatukugombana. Tulikuwa na maneno mengi ya kumaliza, barua ikangoja. Saada hataki kurudi Mazimbu. Anazidisha chumvi kwenye kila chungu, kama babaye bado anaiuza, na kila nikimsema anajibu. Nyumba imechangamka.

Fomu zako tunakurudishia. Tumekataa, sote wawili. Umeandika kwamba mtu halazimiki kutoa sababu, lakini wewe ni mtoto wetu, sababu tunakupa. Usiku wa kwanza Saada aliimba mstari wake, nikaimba wangu, na hakuna aliyekosea. Watoto nimezaa, shamba nimegawa, hata kitanda hiki kina mrithi. Wimbo ule ndio kitu pekee ambacho hatujampa mtu, na ukiingia kwenye kitabu utakuwa wa kila mtu. Najua tunakuumiza. Nimelia kidogo kabla ya kuandika hapa. Mwambie mwalimu wako amepata mtu wake wa kukataa.

Mama Wilfred na wengine tumewazungukia, mikono mitupu, tukawaambia wana haki ya kukataa. Wengi wamekubali, na mara hii wameuliza maswali mpaka tukachoka. Fomu zao ziko ndani ya bahasha, kazi yako haitakwenda mikono mitupu.

Sasa jambo la mwisho. Wewe ulivunja ungo ukiwa bwenini, shuleni Kilakala, hukuwekwa ndani, hukuimbiwa na mtu. Mama yako alilisikitikia hilo mpaka anakufa. Krismasi panda huku. Kalamu na simu viache kwa Jastin. Blanketi tumelianika. Mstari wa kwanza atakufundisha Saada, wa pili nitakufundisha mimi, na wa tatu utatunga wewe.

Wake wenzio,
Felista na Saada