Gari la Baba Siliuzi

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila mama bado anabanwa na kifua. Umeniagiza niliuze gari la marehemu baba kama chuma chakavu. Siliuzi. Nimelipaka rangi upya kwa mikono yangu. Nilipolipiga msasa lilibaki na mikwaruzo, mafundi wenzangu wakanicheka: "Dada, hilo limekushinda."

Nikapaka dawa, nikapitisha mashine ya kung'arisha taratibu, rangi isije ikaungua, hadi mikwaruzo yote ikafutika.

Mama alijitazama kwenye mlango unaong'aa, akaweka sawa mtandio wake. "Mwambie kaka yako aache kugawa vitu vyangu," akasema. "Mimi bado nipo."

Kesho nampeleka hospitali, na atakaa mbele.

Mdogo wako,
fundi rangi