Mapichi Tisa na Eda ya Mama

Baba,

Nina hasira, na nyingi ni zako. Nimeona bora nikwambie mwenyewe, maana Mama nikimwambia ananijibu, "Mwache baba yako apumzike," na mwanao Seif akirudi kutoka kazini bandarini anataka chakula na mto tu. Basi pumzika, lakini unisikilize.

Nyumba ya Riyadh imevunjwa. Ile nyumba ya udongo uliyokuwa ukiipaka chokaa kila mwaka kwa mkono wako, katapila liliimaliza kabla ya adhuhuri. Bosi wako, mwenye kiwanja, anajenga ghorofa la maofisi. Riyadh yote ndivyo ilivyo siku hizi, unapita njia asubuhi, ukirudi jioni njia haipo. Lakini hii si barua ya nyumba. Ni ya ule mti wako, mpichi.

Wewe na kile kitabu chako, jamani! Mtu mzima, mweka stoo wa kampuni ya barabara, anakaa mkekani na kitabu cha miche kutoka Uingereza, anafunua picha za matunda ulimi nje. Kiingereza hujui, basi kila Ijumaa baada ya sala: "Zuwena, njoo unisomee." Nikusomee, nikuandikie maagizo, nikubandikie stempu. Nikikwambia, "Baba, hapa jangwani," unanijibu kwamba babu yako naye alipanda karafuu watu wakimcheka. Baba, Pemba kuna mvua! Nilikwambia mara ngapi?

Unakumbuka kifurushi cha kwanza? Seif alikipokea Jeddah, akampa dereva wa lori, kikafika kimebonyea. Ndani vijiti vitano, havina jani hata moja, mizizi inaning'inia. Ukavigeuza, ukavinusa, ukasema, "Wametuuzia maiti." Sikulaumu. Sisi kwetu mti usio na jani ni kuni. Nani kati yetu alipata kuona mti unapukutisha majani kwa kupenda kwake, ukalala baridi nzima, kisha ukaamka?

Lakini kulikuwa na karatasi ya maelezo ndani ya kile kifurushi, na leo naungama. Uliniuliza, "Wanasemaje?" nikakwambia, "Hamna kitu, bei tu." Nilikuwa na nguo za watu za kushona, nimechoka na miche yako, sikutaka kusoma. Nimekuja kuisoma mwezi mzima baadaye. Imeandikwa waziwazi kuwa miti iko hai, imelala tu, iloweshwe usiku mmoja kwenye ndoo ya maji kisha ipandwe. Wewe ulikwisha kuitupa minne. Nikanyamaza. Mpaka unakufa nilinyamaza, na hilo linanikereketa mpaka hivi ninavyoandika.

Wa tano Mama aliuokota akauchomeka uani, kando ya ukuta, kuegemezea mwasmini wake. Na ndio huo uliochipua. Ulipiga ukelele Mama akadhani nyumba inaungua. "Mke wangu, kijiti chako kimefufuka!" Akakwambia, "Haya, kimefufuka, usinikanyagie asmini yangu." Toka siku ile ikawa mchezo wenu. Wewe unaapa kuwa pichi la kwanza utamtia Mama mkononi, yeye anaapa kuwa akila tunda la kijiti kile mumwite ng'ombe.

Ungetosheka na huo mmoja! Hukutosheka. Ukaagiza mingine, ukaimwagilia asubuhi na jioni katikati ya baridi mpaka mizizi ikaoza. Ukaagiza tena, ikafika wakati Jeddah imefurika mizigo, forodhani hapapitiki, Seif anazunguka na karatasi siku baada ya siku kwa sababu ya muhuri mmoja. Alipokipata kifurushi miche ilikuwa imeiva kwa joto. Nikakwambia, "Baba, halas, tuache." Wewe ukanambia subira yavuta heri. Wallahi, mtu akinambia tena neno hilo nitamrushia kiatu. Subira imevuta katapila.

Miaka minne mpichi haukuzaa. Ukitoa maua, upepo wa vumbi unayakumba. Ukaukingia magunia, ukaunywesha maji ya kutawadhia, ukawa unauamkia kabla hujatuamkia sisi. Ndiyo, nilikuwa na wivu. Mtu mzima nauonea wivu mti.

Mwaka huu ulipotoa maua ulikuwa hospitali. Kila nikija kukutazama, hukuuliza ndugu wala jirani, unauliza, "Yameshika?" Nami nakwambia bado. Yameshika wiki uliyokufa, Baba. Maua yalianguka na nyuma yake vikabaki vijitunda kama punje za dengu. Watu wamejaa ndani kwenye msiba, mimi niko uani nahesabu. Tisa. Nilitaka kukimbia hospitali nikwambie, miguu ikakumbuka kabla yangu.

Baada ya siku tatu bosi alikuja kutoa pole. Alisimama mlangoni, akamwambia Seif kuwa kiwanja anakitaka, lakini mjane yumo edani na yeye hawezi kumtoa mwanamke edani. Amalize miezi yake minne na siku zake kumi, kisha halas. Mungu amlipe kwa hilo, wengine wasingengoja. Hapo ndipo wazimu wangu ulipoanza. Kuung'oa mti na kuuhamisha haikuwezekana, karatasi yao inasema uhamishwe ukiwa umelala, na ule ulikuwa macho, umebeba. Na hata tungeweza, tungeupeleka wapi? Chumba alichotupatia Seif kiko ghorofa ya nne, karibu na Balad, mji mkongwe wa Jeddah, na Jeddah haina baridi ya kuulaza mti. Kwa hiyo nikabakiwa na jambo moja tu. Yawive kabla eda haijaisha, nimtie Mama moja mkononi kama ulivyoapa. Hata moja tu.

Basi tukakaa, Mama na eda yake, mimi na mapichi yangu. Yeye na nguo zake zilizofifia, hana udi, hana wanja, na mwasmini ule unachanua pale pale ukutani harufu imejaa uani na yeye haruhusiwi kuchuma hata ua moja. Mimi namwagilia, nafukuza ndege, wale shorewanda, nimeyafunika kwa kanga kuukuu. Yakakua, yakafika ukubwa wa ndimu, kisha yakasimama! Kila asubuhi nayabonyeza. Mawe. Jua la Riyadh linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na mapichi ya Mwingereza yanasubiri mwisho wa kiangazi cha kwao. Nikayatukana, Baba. Nikautukana mti wako kwa matusi ambayo hukunifunza wewe.

Zilipobaki siku chache nikamwendea Mama. Najua nilivyokosea, usinikunjie uso. Nikamwambia, "Mama, nani anahesabu? Sema mwezi ulichelewa kuandama, ongeza wiki mbili." Akaniangalia mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Zuwena, eda ni ya Mungu, kisha ya baba yako. Unataka niyape mapichi?" Nikatoka nikaubamiza mlango. Nikamtuma Seif kwa bosi, akarudi na jawabu lile lile, katapila limekwisha kukodiwa, lina zamu, likikosa siku yake halirudi mpaka mwezi mwengine. Wiki mbili tu, Baba! Nchi yenye pesa za kuhamisha milima haikuwa na wiki mbili za mti.

Siku ya kutoka eda Mama alikoga, akavaa nguo aliyoletewa na majirani, akachuma asmini akatia nyweleni. Kisha akachukua sinia, akausogelea mpichi, akaanza kuchuma. Yote. Nikapiga kelele, "Mama, mabichi hayo!" Wala hakugeuka. "Kwani embe bichi hujaiona? Kalete kisu, na chumvi, na pilipili."

Nikaleta, nimenuna. Akayakwangua yale manyoya yake, akayakatakata, akayapaka chumvi na manjano, akayaanika juani kama anavyofanya maembe ya achari. Miaka minne ya kitabu, stempu, forodha na magunia, inaishia achari! Nilikaa kizingitini nikilia kwa hasira, na yeye hakunibembeleza. Akachukua kipande kimoja, akakichovya kwenye chumvi na pilipili, akakitia mdomoni. Akakunja uso wote. Akatafuna, akatafuna, machozi yakamtoka, akasema ni pilipili hiyo. Kisha akaugeukia ule mti, akasema polepole, "Haya, Baba Seif. Umenishinda."

Hukuyasikia, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Umemngojea aseme maneno yale miaka minne, ameyasema umekwisha kwenda.

Asubuhi yake katapila likaja. Mti haukupata hata muda wa kuinama, uling'olewa pamoja na mwasmini, wote wamekumbatiana. Sikutazama zaidi ya hapo, nilipanda garini.

Sasa tuko Jeddah. Nguo hazikauki kwa unyevu, Seif anakoroma, Mama anapanda ngazi za ghorofa nne anazihesabu moja moja ili nione anavyoteseka. Chupa ya achari imo ndani ya kabati na funguo ya kabati kaivaa shingoni. Anatutolea kipande kimoja kimoja kwenye wali wa Ijumaa, na juzi Seif alipouliza achari ya nini hii mbona si embe, Mama alimwambia, "Ya baba yako. Kula, usibakishe."

Wiki hii umeletewa kitabu kipya kutoka kule kwa watu wa miche. Jina lako lipo juu, wameliandika sawasawa kwa mara ya kwanza. Nimekisoma chote, Baba, mpaka karatasi za mwisho zenye maandishi madogo kama mchwa, nimekaa peke yangu, kwa sauti.

Kesho nitawaandikia. Nitawaambia mwenyewe amefariki, wasitume tena. Na nakuahidi, nitawaambia kuwa mche wao mmoja ulizaa Riyadh, ulizaa mapichi tisa, na mke wako akala la kwanza. Kama yalikuwa mabichi, hilo haliwahusu.

Lala salama, baba'ngu. Bado nina hasira.

Mwanao,
Zuwena