Kugonga Ubavu wa Yoti Kuukuu

Jumanne, 5 Machi
Mgongo wangu jamani! Kutwa nzima niko chini ya yoti mbili pale yadi, nagonga bodi kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama kuna ubovu ndani. Dada na shemeji wanataka moja ya kuhamia, wavuke nayo bahari. Shemeji kaipenda mpya: nyepesi, ina mbio, ngozi mbili nyembamba za faiba na sponji katikati, mkuku, ule uti mzito wa chini, umefungwa kwa bolti. Kuukuu ni faiba tupu, nene kama kidole gumba, bodi na mkuku kitu kimoja. Mafundi wa zamani hawakuiamini faiba, wakawa wanaongeza tu! Zote zimelia vizuri: ting, sauti ya faiba nzima.

Jumatano, 6 Machi
Dada hataki maelezo. Eti wewe ungelala kwenye ipi? Nikasema kuukuu. Mpya ikigonga mwamba, bolti zinavutwa, sponji inakunywa maji. Shemeji kanuna — eti nawabebesha mkokoteni. Shauri yake.

Jumapili, 10 Machi
Wameichukua kuukuu. Nyumba ya kupanga wamerudisha, vyombo wamegawa. Dada kashona mapazia! Wanaondoka Ijumaa. Kaniambia: roho zetu tumekuachia wewe, kaka. Nikacheka. Nataka kulala tu.

Jumatano, 13 Machi
Kukwangua rangi tangu asubuhi, mikono haina nguvu. Karibu na mkuku likabanduka kandiko gumu, kama sahani. Nikagonga hapo kwa mazoea tu. Dup. Nikasogea pembeni: ting. Nikarudi. Dup, dup.

Uwii!

Kuna mtu aliipandisha mwambani, akaziba kwa juu, akapiga rangi, akanyamaza. Kandiko ndilo lililonidanganya wiki iliyopita. Ndani tabaka zimeachana. Na unene wote ule nilioupigia debe! Au sikio limechoka? Nimegonga mpaka kiganja kinauma. Ni dup.

Shemeji kaenda kununua kamba. Akirudi nitamwambia nini? Na huyu dada, hana hata kitanda cha kurudia. Natamani ningenyamaza ile Jumatano. Naogopa, basi.

Nikagonga tena. Kutoka ndani dada akajibu — ngo ngo ngo! Yuko humo tumboni mwa yoti anatundika mapazia. Anacheka: karibu, kaka, mlango uko juu!

Nimekaa chini ya mkuku, daftari pajani. Anagonga tena, palepale. Tumetenganishwa na faiba tu, nami namsikia mpaka anavyohema.