Bunduki Yako Haiendi Columbus

Buffalo, msimu wa kulungu, 2015

Baba Neema,

Bunduki yako ipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama theluji imeanza. Ipo kwenye kabati lake la chuma, imefungwa, imepakwa mafuta, na funguo ninazo mimi. Kaka yako Eliasi aliitaka. Hakuipata, na hataipata.

Unakumbuka siku uliyoileta? Nilikuwa jikoni nachambua maharage, kwenye nyumba yetu hii ya mbao ya West Side, hapa Buffalo, ukaingia na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye blanketi. Ukakifungua juu ya meza, kando ya maharage yangu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Mimi niliyebebwa mgongoni kutoka Burundi mpaka Kigoma, mama yangu akikimbia milio ya vitu kama hivyo, mimi niliyekulia kambini na kuolewa humohumo, leo mume wangu ananiletea bunduki Marekani!

"Zakaria, umerukwa na akili? Tumekimbia bunduki, wewe unaileta mezani?"

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Mama Neema, sisi tulikimbia watu. Hii haijawahi kumkimbiza mtu. Tangu itengenezwe imeua kulungu tu."

Nilikununia wiki nzima.

Alikupa Mzee Stani, yule mwenzako wa kazi ghalani, mtu wa Lackawanna, mji wa jirani, aliyeyeyusha chuma ujana wake wote hadi viwanda vilipofungwa. Aliwinda nayo miaka mingi, kisha magoti yakamkatalia kupanda vilima. Watoto wake hawakuitaka. Walitaka za kisasa, nyeusi, za plastiki. Wewe ulitaka hiyohiyo ya zamani, yenye kitako cha mti kilichokolea rangi pale shavu la mzee lilipokuwa likilala, na chuma kilichofifia katikati, mahali mkono unapoibeba.

Na ulipenda jinsi inavyojipakia yenyewe. Wewe fundi baiskeli wa kambini, hukuweza kuona mashine bila kutaka kujua inapumuaje. Uliitandaza vipande vipande juu ya gazeti, ukaniita. "Njoo uone. Risasi ikitoka, gesi yake kidogo inapenya hapa, inarudi kusukuma komeo, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Unavuta triga tu, mara moja kwa kila risasi. Watu walifikiria hivi kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Kwa vyuma na springi!" Nilikuwa bado nimenuna, lakini nilisogea. Sikujua chuma kinaweza kupendeza namna ile.

Halafu ukanipeleka kulenga shabaha, kwenye uwanja wa akina Mzee Stani nje ya mji. Upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio, hata vile vizibo vya kuzuia mlio ulivyonivalisha nilivifurahia kwa sababu ya joto. Niliishika kama mtoto wa mtu mwingine. Ukasimama nyuma yangu ukasema, "Usiikwapue triga. Ikamue polepole, kama unakamua mbuzi. Mlio ukushtue wewe mwenyewe."

Ikalia. Bega likasukumwa, ganda la shaba likarukia kulia likimeremeta, na kabla sijavuta pumzi komeo lilikuwa limeshajifunga, tayari. Mwili wangu unaujua mlio ule tangu utotoni, ulitaka kukimbia. Lakini safari hii mlio ulitoka kwangu, nilipoamua mimi, na hakuna aliyeanguka. Nikakuambia neno moja tu.

"Tena."

Jioni matundu yangu kwenye karatasi yalikuwa yamekaribiana kuliko yako. Jumapili yake ukaibeba ile karatasi mpaka kanisani ukawaonyesha wanakwaya wote. "Mke wangu huyo! Mnaona?" Niliona aibu, nikakufinya mkono. Ndani kwa ndani nilikuwa nimevimba kwa furaha. Tukasomea uwindaji pamoja, tukapata leseni pamoja, tukakaa porini msimu mzima hatukupata hata mkia. Uliniambia mwaka ujao zamu ya kubeba bunduki ni yangu.

Mwaka ujao hukuufikia. Moyo ulisimama ghalani, katikati ya maboksi, na Mzee Stani ndiye aliyepiga simu, analia kama mtoto.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Siku ya kumaliza matanga Eliasi alikuja kutoka Columbus, na mdogo wako Yona kutoka Louisville. Tulikula, tuliomba. Kisha Eliasi akakohoa kile kikohozi chake cha kikao. "Shemeji, vitu vya mwanamume hurudi kwa wanaume." Sikubisha. Nilitoa suti zako, viatu, saa, sanduku la spana. Akavipokea vyote. Kisha akasema, "Na bunduki."

"Hiyo hapana."

Alifikiri hakusikia vizuri. "Shemeji, mjane kukaa na bunduki ni aibu kwa ukoo. Watu watasema nini? Mimi ndiye mkubwa. Nitakwenda nayo, nitajua cha kuifanyia."

"Utaifanyia nini, shemeji? Unajua kuifungua? Unajua inapakwa wapi mafuta?"

"Na wewe utaifanyia nini? Utaipiga wewe?" Akacheka, akamtazama Yona ili wacheke wote. Yona aliangalia sahani yake.

Neema alikuwa amesimama mlangoni. Unajua mtoto wako anavyotujibu kwa Kiingereza tukimsemesha Kiswahili. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, tena taratibu, kila neno mahali pake. "Baba mkubwa, mama anapiga vizuri kuliko baba. Baba mwenyewe alisema."

Nikasimama, Baba Neema. Nikasema mbele yao: nimefua nguo za ndugu yenu, nimemzalia, nimemzika. Makoti chukueni. Bunduki tuliipiga wawili, amebaki mmoja, na huyo ndiye mwenyewe. Eliasi akachukua kofia yake. Mlangoni akasema hatakanyaga tena kwangu mpaka nitakaporudiwa na adabu.

Maneno yalifika Columbus kabla ya gari lake. Nikapigiwa simu na wanawake ambao hawajawahi kunisalimu. Mmoja akaniuliza kama nimeingiwa na pepo. Nikamwambia pepo hana leseni, mimi ninayo. Ni Yona peke yake aliyepiga kwa wema, akiwa njiani kwenda kazini huko Louisville, ananong'ona kana kwamba Eliasi yumo kwenye gari. "Shemeji, usiitoe." Akakata.

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda. Mzee Stani aliniendesha mpaka kwenye vilima vya kusini, akabaki garini na chupa yake ya kahawa. Nilivaa kizibao changu cha rangi ya chungwa, wawindaji wengine wanione, nikapanda peke yangu, nikakaa chini ya msonobari. Sitakudanganya, nililia kidogo. Halafu nikafuta uso, maana machozi na darubini ya kulengea haviendi pamoja.

Alitokea dume, taratibu, akinusa theluji. Akasimama, ubavu umenielekea. Nilibonyeza kitufe cha usalama, nikakamua. Mlio ukanishtua mwenyewe. Aliruka mara moja akalala. Na ndani ya ile bunduki risasi ya pili ilikuwa imeshapanda, bila mimi kugusa kitu, inangoja. Sikuihitaji. Nikairudisha kwenye usalama na kumkaribia yule mnyama kwa heshima, nikamshukuru Mungu, nikakuita jina lako kwa sauti. Pale porini nani angenikataza?

Uliwahi kunisimulia kwamba baba yenu akiua mnyama alimpelekea kaka yake paja la nyuma, kwa kuwa ndiye mkubwa. Basi nilikata paja la nyuma, nikaligandisha, nikalifunga kwenye boksi, nikawapa wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini Columbus. Nikawaambia wamkabidhi Eliasi mkononi na kusema, "Limetoka kwa mwindaji wa nyumba ya Zakaria." Sikuongeza neno la kuomba radhi. Sina la kuombea radhi. Nilimpa heshima ya mkubwa, na heshima yangu sikuifungia kwenye boksi moja na hiyo.

Jumapili simu ikaita. Nikapokea. Upande wa pili nasikia vyombo, nasikia mke wa Eliasi akiuliza chumvi iko wapi.

"Shemeji," akasema Eliasi, "nani aliua?"

"Mimi."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimesimama, unajua nikigombana sikai.

"Hii nyama," akasema, "inachemshwa kwanza, au mnaichoma hivihivi?"

Mkeo,
Mama Neema